Vidole Vinne Chini ya Kovu

Jumamosi tarehe 6 Aprili 2024, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mti nambari 17 ulikuwa na matunda kumi na tisa. Mwavita aliyahesabu mara mbili, kwanza akianzia chini, kisha akianzia juu, na hesabu zilipolingana akaandika katika daftari. Ramadhani ilikuwa ukingoni. Alikuwa amefunga, na jua halijapata nguvu, kwa hiyo kichwa chake kilikuwa chepesi na hesabu yake safi.

Jambo la pili aliloandika asubuhi hiyo ni kwamba Octave hakuja.

Kwa miaka mitatu na miezi mitano Octave hakuwahi kukosa salongo yao, kazi ya pamoja ya kila juma. Salongo ya serikali ni ya kuzibua mifereji, na watu huiendea kwa kuogopa faini. Hii ya mlimani juu ya mtaa wa Kasenga haikuwa na faini. Nyumba kumi na tano za avenue moja, yaani barabara moja, zilipanda huko kila Jumamosi, na jembe, na bidoni la maji, kwa sababu walikubaliana hivyo, basi. Mvua ikiwanyeshea walirudi Jumapili baada ya misa.

Chanzo kilikuwa maji ya Aprili 2020. Mteremko ule ulishuka na mawe yake, ukachukua nyumba tatu na ukuta wa jiko la Mwavita. Rémy, shefu wa avenue, akasema hapo hatajenga mtu tena. Octave ndiye aliyesema kwamba kukataza hakutoshi. Alikuwa moniteri wa kilimo, bwana shamba aliyestaafu, mzee wa miaka sitini na sita mwenye vidole vyembamba kama vya fundi saa. Ardhi iliyo uchi, alisema, itashuka tena, iwe na nyumba au isiwe nayo. Inataka mizizi mirefu. Tupande avoka, yaani miparachichi.

Watu walisita, na walikuwa na haki. Katika nchi ile ukiazimwa kipande cha udongo unaweza kulima maharage, mihogo, hata viazi, na hakuna atakayekuuliza. Mti ni jambo jingine. Anayepanda mti unaoishi miaka ametangaza kwamba udongo ni wake, na watu wamefikishana mahakamani kwa sababu ya mwembe mmoja. Octave akatoa dawa yake mbele ya wote: miti ipewe nambari, isipewe majina. Mbegu zitoke katika majiko ya nyumba zote kumi na tano. Hata daftari lisiandike nani alipanda upi. Mwavita, aliyekuwa mfanyakazi wa maabara katika kituo cha afya, akapewa daftari kwa sababu kila mtu alijua kwamba haandiki asichokiona.

Miche ilipofikia unene wa kalamu, Octave aliwafundisha kuunganisha. Mche wa mbegu aliuita mguu. Kitawi cha mti mzuri, kinachofungwa juu yake, alikiita kichwa. Vichwa vyote arobaini na kimoja vilitoka katika mti mmoja, avoka ya nyumbani kwake karibu na ziwa, ambayo baba yake aliipanda mwaka 1974 na ambayo matunda yake yalikuwa na kokwa ndogo na nyama isiyo na nyuzi. Alivitoa bure. Alikata yeye, akafunga Mwavita, kwa vipande vya mfuko wa plastiki: mara arobaini na moja, nyuso zao zikiwa karibu hadi kila mmoja akimsikia mwenzake anavyopumua. Penye kiungo pakabaki kovu. "Muangalie hapa," alisema Octave siku ile. "Mukikata yulu ya kovu, inaota ya kichwa. Mukikata chini ya kovu, vidole vine, inaota ya mguu. Mizizi haijali. Mizizi inashika tu udongo."

Mti nambari 17 ulikufa mwaka wa kwanza, kabla ya kuunganishwa. Mwavita alileta mbegu nyingine kutoka jikoni kwake na kuuanza upya. Hilo halikuandikwa, kwa mujibu wa kanuni, lakini watu walilijua.

Sasa, Jumamosi hiyo, Mama Generose alikuja akiburuta jembe. Alikuwa mzaliwa wa Katogota, muuza unga wa mihogo, mwenye sauti inayofika kabla yake.

"Mama labo, weye unahesabu tu kuhesabu," alisema. "Na iyo matunda iko na mwenyewe sasa."

"Mwenyewe nani?"

"Octave. Juzi, siku ya ine, alikuyaka na muntu moya wa cravate shingoni, na kamba. Banapima. Minye nilikuwa naanika mihogo pale chini, nikabauliza, munapima kaburi ya nani? Ule wa cravate akacheka. Octave hakuchekaka."

Mwavita alifunga daftari. Hakuandika habari hiyo, kwa kuwa hakuiona mwenyewe.

Kesho yake alishuka hadi kwa Octave. Mwaka huo ziwa lilikuwa limepanda kuliko watu wengi walivyowahi kuliona. Njia iliishia kabla ya nyumba, na sehemu iliyobaki alipita juu ya matofali yaliyopangwa ndani ya maji. Alama ya unyevu ukutani ilikuwa chini kidogo ya dirisha. Octave alikuwa ameketi juu ya meza, kiti kikiwa juu ya kitanda. Nyuma yake, nje ya dirisha, katika maji yanayofika magotini, ulisimama mti wa baba yake. Majani yalikuwa ya manjano na yamening'inia. Mwavita aliujua ugonjwa huo kwa sababu Octave ndiye aliyemfundisha: avoka ikikaa majini majuma matatu, mizizi inaoza.

"Karibu, mwanangu. Kiti iko yulu ya kitanda, kamata."

"Nitasimama, Papa Octave. Nimeambiwa ulipimisha mlima."

"Njo vile."

Mwavita alikuwa amejiandaa kumsikia akikana.

"Weye njo ulisemaka nambari, hapana majina."

"Nilisemaka," Octave alijibu. "Ile wakati nilikuwa na nyumba."

Alieleza kwa utulivu, kama alivyokuwa akieleza kazi ya sekateri, ule mkasi wa kukatia matawi. Aliomba kiwanja pale mlimani. Katika ofisi alikopeleka ombi waliuliza ameiendeleza vipi ardhi hiyo. Akajibu kwa miti arobaini na moja ya avoka. Jumamosi ijayo Rémy ataita watu kusikiliza mashahidi na kuandika PV, yaani taarifa rasmi ya ushahidi. Jumatatu ya tarehe 22, saa tatu, agent wa ofisi hiyo atapanda kuhesabu miti ya Octave. Ikiwepo, karatasi itatoka.

"Na utajenga."

"Nyumba ya vyumba viwili. Ntaacha miti kumi."

"Thelathini na moja utakata. Na batu ba chini? Jiko yangu iko pale chini, Papa."

"Najua fasi jiko yako iko. Nilikusaidiaka kujenga ile ukuta."

Ilikuwa kweli. Maji yaligonga mguu wa meza taratibu.

"Watakataa," alisema Mwavita. "Nyumba zote kumi na tano."

"Bakatae. Rémy atauliza kintu kimoya tu: bichwa bilitoka wapi. Minye nimekuandika weye wa kwanza kwa bashahidi."

"Mimi?"

"Weye hutasema bongo, utasema kweli. Bote banajua. Ukisema weye, hakuna wa kubisha." Akashuka mezani, akasimama ndani ya maji, suruali imekunjwa. "Siko nakuomba unisaidie, Mwavita. Nakuomba tu useme ile uliona."

Mwavita alirudi juu ya matofali yale yale. Alikuwa mtu wa vipimo, na alijaribu kupima jambo hilo: kwamba mzee yule, akitafuta kitu imara cha kusimamisha nyumba yake, hakuona kingine imara katika avenue nzima ila ukweli wa Mwavita, na kwamba ameuchukua bila kuomba ruhusa, kama mtu anayechukua jiwe katika ua wa jirani.

Siku ya Idi, tarehe 10, Mama Generose alikuja kula pilau kama kila mwaka. Alikula sahani mbili, akasifu nyama, akalaumu chumvi, akanawa mikono. Ndipo akasogeza kiti.

"Sikiliza, dada. Useme bichwa bilitoka Katogota. Minye ntasema nilibileta mu gunia, na mihogo yulu yake. Nani atabisha?"

"Kaye inasema bilitoka kwa Octave," alisema Mwavita, akigusa daftari.

"Kaye inaweza kuanguka mu maji. Maji iko mingi uyu mwaka."

"Mama Generose."

"Nacheka tu." Lakini hakuwa anacheka. "Mwavita, ule mulima ukishuka, hautauliza nani alisema kweli."

Mwavita alikusanya sahani. Kisha akasema kwamba atasema ukweli wote: vichwa kwa Octave, miguu kwa nyumba kumi na tano. Ukweli nusu ndio unaomsaidia Octave. Ukweli mzima utawasaidia wote. Aliamini hivyo. Katika kazi yake alikuwa ameona mara nyingi jinsi kipimo kimoja kinavyopotosha na kipimo cha pili kinavyorekebisha.

"Basi," alisema Generose, akasimama. "Pilau ilikuwa muzuri."

Jumamosi tarehe 13, saa mbili asubuhi, watu walikaa kati ya miti, wengine juu ya majembe yao. Rémy alikuwa na meza ndogo iliyopandishwa mlimani kwa kazi hiyo. Octave alisimama upande wake, shati limepigwa pasi, na hakuna aliyejua pasi hiyo aliipigia wapi.

"Mama Mwavita," Rémy alisema, "bichwa ya iyi miti bilitoka wapi?"

"Kwa Papa Octave. Mti mmoja, wa nyumbani kwake. Vyote arobaini na kimoja. Alikata yeye, nikafunga mimi."

Rémy aliandika. Kalamu yake ilikuwa inakwaruza, na mkwaruzo huo ulisikika hadi nyuma, maana watu walikuwa wameacha kusogea.

"Andika pia, shefu: miguu ilitoka katika mbegu za nyumba zote kumi na tano. Bila mguu, kichwa hakiishi siku tatu."

"Nasikia, mama." Rémy hakuwa mtu mbaya, na alionekana kuchoka. "Lakini kwa kaye, iko mbegu ya nani ku mti gani?"

"Hatukuandika. Tulikubaliana tusiandike."

"Nani alisemaka musiandike?"

"Octave."

Mtu mmoja nyuma alicheka pumzi moja tu. Octave alitazama ziwa.

"Minye siwezi kuandika kintu haiko mu kaye," Rémy alisema. "Na miguu iko mu udongo, haionekane. Agent atahesabu ile inaonekana."

"Ile inaonekana," Mama Generose alirudia kutoka alipokaa. Alilisema polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

Rémy akafunga PV. Waliposhuka, hakuna aliyemtukana Mwavita. Ingekuwa afadhali. Jirani aliyekuwa akimwachia nafasi bombani alimwachia nafasi nzima, foleni ikajitenga naye hatua mbili, naye akabaki na ndoo yake katikati ya uwanja mtupu. Katika kituo cha afya mama mmoja wa avenue yao aliomba apimwe na mtu mwingine. Generose alipita na beseni la unga, mlango wa Mwavita ukiwa wazi, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilifika baada yake, alipokwisha kupita. Siku sita zilipita hivyo. Kila jioni Mwavita alisoma daftari lake ukurasa kwa ukurasa, akitafuta kosa. Hakulipata. Kila kitu kilichoandikwa kilikuwa kweli.

Jumamosi tarehe 20 Aprili alitoka saa yake ya kawaida. Hakuwa na hakika kama salongo ipo, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Alipofika nusu ya njia alisikia misumeno. Alisimama. Alihesabu sauti: minne, labda mitano. Akapanda mbio.

Miti arobaini ilikuwa chini.

Ilikuwa imelala na majani yake mabichi, yote upande mmoja, kama mahindi yaliyopitiwa na upepo. Mwavita aliinama kwenye shina la kwanza, nambari 1, akaweka vidole. Vinne, chini ya kovu. Akaenda nambari 2. Vinne. Nambari 3 ilikuwa na mkato safi uliolazwa kidogo ili maji ya mvua yasikae, kama Octave alivyofundisha. Kila shina lilikuwa limesimama palepale ardhini, zima, na mizizi yake. Hakukuwa na kosa hata moja katika kazi ile.

Kwenye turubai kulikuwa na maavoka mabichi yaliyogawanywa. Marundo kumi na manne; la nyumba ya Mwavita halikuwepo.

Watu walikuwa wamekaa, wamelowa jasho. Generose alikuwa anajipepea kwa jani.

"Agent atakuya kesho kutwa, siku ya kwanza, kuhesabu miti ya Octave," alisema. "Ahesabu. Ile inaonekana tumetosha, tumekata yote. Ile haionekane njo yetu. Weye njo ulitufundisha, mama labo. Kichwa na mguu, mbele ya shefu."

"Juu ya nini hamukuniambia?"

Wengine walitazama misumeno yao. Hatimaye Generose akasema, bila ukali:

"Ungeandika mu kaye."

Mwavita alitaka kukataa, lakini ni kweli. Angeandika. Na Octave angeuliza, naye angejibu.

"Nambari kumi na saba hatukugusa," Generose aliendelea. "Mbegu iko ya weye. Hatuwezi kukata kintu ya muntu na yeye haiko." Akanyoosha kidole. Mti ulisimama peke yake kwenye mteremko, na msumeno umeegemezwa shinani. "Ukiuacha, uache. Lakini agent ataona mti moya ya Octave yulu ya udongo. Na mti moya, unajua inatosha."

Mwavita alijua. Watu wamefikishana mahakamani kwa mwembe mmoja.

Aliuendea mti huo polepole. Matunda yalikuwa bado kumi na tisa. Nyuma yake akasikia mtu anapumua kwa shida, akageuka. Octave alikuwa amesimama kwenye njia ya chini, amelowa hadi mapajani, na faili ya karatasi chini ya kwapa. Alitazama miti iliyolala, mmoja mmoja, kama anayesoma orodha. Hakuna aliyempa salamu, wala hakuitoa.

"Mwavita," alisema.

"Papa."

"Ile ya nyumbani ilikufaka iyi wiki, siku ya pili. Nilikwaruza ganda. Ndani iko mweusi mpaka yulu." Akasogeza faili kwapani. "Iyo njo inabaki. Ya mzee wangu. Hakuna ingine."

Alisema bila kuinua sauti, na Mwavita, aliyezoea kuchunguza kila neno la mtu yule tangu siku ya matofali, hakupata uongo ndani yake.

"Ungeniambia siku ile," alisema. "Ungesema: Mwavita, maji imenifukuza, munipe fasi. Nyumba kumi na tano. Hatungekosa chumba."

"Kulala kwa batu?"

"Kulala."

Generose, kwa mbali, aliacha kujipepea.

Mwavita aliweka daftari chini. Alipiga goti, akatafuta kovu kwa kidole gumba. Lilikuwa laini, limezibika vizuri, na juu yake bado kulikuwa na alama nyembamba ya mfuko aliokuwa amefunga yeye. Akaweka vidole vinne chini yake. Akachukua msumeno.

"Chini kidogo," Octave alisema kutoka njiani, kwa sauti kavu. "Utachana ganda."

Akashusha msumeno kidogo.

Saa moja kasoro dakika nne kichwa cha mti nambari 17 kilianguka upande wa ziwa.